Nyuki mu mikro ya Gamaliel

Siku ya yenga, 2 novembre 2025

Kama haingekuwa mimi, Lusenge, muji ya Butembo haingejua gitare ya umeme ni kitu gani. Naandika hii bila kujisifu. Ni historia tu. Na hii kaye ya kuandikia ni ya mimi peke yangu, naificha chini ya matela.

Mwenye hajui aulize ku Mutwanga. Nilipiga kule siku moja, tembo ya parc ya banyama akatoka ku pori, akasimama nyuma ya kanisa, akatikisa masikio mupaka mwisho ya wimbo. Balinzi ya parc ni bashahidi. Ku Luofu nilipiga ku harusi — mvua ilikuwa imekwisha kufika ku kilima, ikangoja. Batu bakakula, bakamaliza, bakakunja biti, njo ikanyesha.

Bon. Leo kisha ibada Mama Jokébed alisimama. Yeye njo mukubwa ya kwaya. Parwasi yetu inatimiza miaka makumi tano, donc kwaya itarekodi wimbo ya yubile, siku ya posho tarehe 15. Wimbo moja. Ndani yake solo moja ya gitare. Mupigaji moja. Itapita ku radio, itaingia mu matelefone, itafika mupaka kwa batoto yetu beko Canada. Mutu mwenye atapiga ile solo, jina yake imekwisha kupandwa sawa mukaratusi, ata ukiikata inachipuka tena!

Mama Jokébed anasema: solo ni ya Papa Lusenge, juu yeye njo muzee ya gitare mu hii kanisa. Nilikuwa nimekwisha kusimama. Kisha anaongeza — kama sauti yake itatoka safi. Ikikatala, Gamaliel eko.

Gamaliel eko!

Mutoto ya miaka makumi mbili na sita. Alitoka Beni, commune ya Bungulu, akakuya kuishi huku mwezi ya tano. Miguu mirefu, sauti ya chini-chini, anasalimia kila mutu na mikono mbili. Jina yake ikitajwa tu, batu bakapiga makofi. Mimi pia balinipigia, mais makofi ya baridi, sawa mutu anakung'uta unga ku mikono. Yake ilikuwa makofi ya mvua ku mabati.

Sina wivu. Naandika tu yenye nilisikia.

Siku ya kwanza, 3 novembre

Essai ya kwanza ya kurekodi, mu salle nyuma ya kanisa. Mwenye kurekodi ni Débora, mutoto ya marehemu kaka yangu. Alisoma elektronike, eko na ordinatere na kisanduku ya kuingiza sauti. Gitare na ampli ni ya kwaya. Mikro ni ya Gamaliel. Aliitoa Beni ndani ya soksi ya sufu, sawa mutu anabeba yai.

Débora akaweka mikro mbele ya ampli, karibu-karibu, sawa sikio yenye inataka kusikia siri. Akasema, baba mudogo, piga.

Nikapiga. Mu kaske yenye tunavaa ku masikio — nyuki! Muzinga muzima! Ngrrrrrr. Iko chini ya kila note, na ata nikinyamaza, ngrrrrrr.

Gamaliel akapiga. Kasauti kadogo tu, sawa mutu mwenye kulala mu chumba ingine. Mama moja ya alto alifunga macho akimusikiliza. Mimi nikipiga alifungua.

Nikaelewa palepale. Ile mikro inajua mwenyewe! Imbwa haibwekee bwana wake, inabwekea mugeni. Nilisema ile kwa nguvu, kila mutu asikie. Débora akacheka. Eti mikro haijui mutu, baba mudogo, yeye ni sikio tu, anarudisha yenye anasikia.

Batoto ya masomo! Beko na jibu mbele ya kuulizwa.

Siku ya pili, 4 novembre

Débora anafanya kazi sawa munganga. Anauliza, anagusa, anabadilisha kitu moja tu kwa mara moja. Ukibadilisha bitu mbili, anasema, hautajua gani ilikuwa na ugonjwa.

Akabadilisha kable ya mikro. Nyuki iko. Akabadilisha kable ya gitare. Iko. Akazima taa ya neon. Ikapunguka sawa chumvi yenye mutu anatoa na vidole mbili. Iko!

Kisha kukatokea kelele ingine juu ya ile. Tit-titit, tit-titit, trrrrrr! Batu bote bakashituka. Na palepale telefone yangu ikalia mu mufuko. Bibi yangu Kyakimwa, anataka kujua kama nimekwisha kununua mawese. Débora akapiga mikono: telefone inaongea na antene mbele ya kulia, mikro inasikia! Akakusanya matelefone yote mu kitunga, akaipeleka inje.

Ile titit ikaisha. Nikasema: munaona? Mimi njo nimevumbua. Gamaliel akatikisa kichwa, akasema kweli, muzee, bila wewe hatungejua. Alisema na heshima. Ile heshima yake inaniwasha sawa pilipili mu jicho.

Nyuki — palepale.

Siku ya tatu, 5 novembre

Kyakimwa alipika samaki ya Vitshumbi. Gamaliel akapita kuomba nyundo. Kyakimwa akamukalisha, akamupa sahani. Ndani ya sahani — kichwa.

KICHWA!

Mu nyumba hii, miaka makumi mbili na moja ya ndoa, kichwa ya samaki ni ya nani? Alipoenda nikamuuliza. Akanijibu bila kugeuka: yule mutoto anaishi peke yake, nani anamupikia? Na wewe kila siku unalalamika mifupa.

Nilikula mukia. Kesho naenda Beni kupimisha ile mikro. Nimemuambia Gamaliel anipe. Alinipa, na soksi yake.

Siku ya ine, 6 novembre

Beni. Vumbi, barrière, vumbi. Saa ine nilikuwa Bungulu kwa Syauswa, mwenye kutengeneza maradio. Kaduka kake ni mabati tupu, maradio imepasuliwa tumbo mupaka ku mulango.

— Wavukire, muzee! Ugonjwa gani?

— Hii mikro inapiga kelele. Nafikiri ndani kuko kitu baliweka.

— Kitu gani?

— Kitu.

Akaniangalia. Akaifungua, akapuliza, akaifunga, akaiunganisha ku radio moja kubwa. Moja, mbili, tatu, Bungulu! Sauti ikatoka safi, mama moja mu njia akageuka akafikiri banamuita.

— Hii iko nzima kuliko mimi, muzee. Ni ya nani? — Akaigeuza chini. — Aaah! Hii chale mi njo niliiweka! Ni ya Gamaliel! Unamujua?

— Kidogo.

— Kidogo! Yule alituacha yatima. Akipiga mu kanisa pale, batu benye banagombana ku soko banangoja kwanza wimbo iishe, njo banaendelesha matusi.

Nikasema mimi njo nilimufundisha.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe, mudomo ilikuwa wazi. Syauswa akasimama, akanishika mukono na mikono yake mbili. Wasingya, muzee, asante, wasingya! Akakatala nilipe. Akanikopesha tena mikro yake mupya, yenye Gamaliel hakugusa ata siku moja.

Nilirudi Butembo na mikro mbili mu mufuko na bongo moja ya kudanganya mu mudomo. Mais si bongo kabisa. Kama angenisikia zamani, angejifunza.

Siku ya tano, 7 novembre

Mikro mupya. Nyuki ya zamani. Ileile!

Débora hakushangaa. Akasema kila mutu anyamaze. Akazima ampli, akaacha mikro wazi. Kimya — mu kaske tukasikia jogoo ya jirani. Akawasha ampli bila gitare. Kamungurumo kadogo. Akachomeka gitare, akanipa. Ngrrrrr! Akasema donc tumuache mikro, mikro ni shahidi, hakuiba kitu. Ugonjwa iko upande ya ampli na gitare.

Akageuza ampli, akavuta waya yake, akaangalia fishi, ile kichwa ya waya yenye inaingia ku prizi. Akauliza: nani alikata jino ya tatu?

Mama Jokébed akaniangalia.

Bon. Ilikuwa mimi. Zamani. Ralonji ya kanisa, ile waya ya kurefusha umeme, iko na matundu mbili, fishi ya ampli ilikuwa na meno tatu, ibada ilikuwa inaanza, na meno tatu haiingii mu matundu mbili ata ukifunga na kuomba. Nikachukua pense ya kukatia waya, nikakata. Kila mutu Butembo anakata! Pasi yangu haina jino ya tatu, frigo ya pasta haina. Nikamuambia Débora: tulikatiaka usalama. Akafunga macho. Ile jino, anasema, ni ya tere, ya kushusha umeme mu udongo. Njo ilikuwa usalama yenyewe.

Gamaliel alikuwa ananiangalia na huruma. Mimi! Huruma!

Siku ya posho, 8 novembre

Leo tulizika chuma.

Débora aliweka fishi mupya, prizi ya matundu tatu, na waya ndefu yenye inatoka ku prizi inapita ku dirisha. Nyuma ya salle tukachimba shimo. Chuma ya béton, mita moja na nusu. Mimi njo nilipiga nyundo, Gamaliel alishika chuma. (Nilifikiri jambo moja pale. Sikuifanya.) Kisha makala ya kusaga, chumvi kilo mbili, maji ndoo moja.

Mama moja ya kikundi ya maombi akapita. Akaona: chuma, chumvi, makala, shimo, nyuma ya nyumba ya Mungu! Akakimbia. Dakika tano, pasta akafika, Biblia chini ya kwapa. Débora akamueleza: umeme yenye inapotea inatafuta njia ya kurudi mu udongo, sisi tunaipa njia. Pasta akaangalia shimo. Na chumvi ni ya nini? — Udongo ya chumvi inapitisha muzuri, pasta. Akafikiri sana. Akasema bon, Bwana Yesu pia aliongea juu ya chumvi. Akaenda. Yule mama hakuenda. Alisimama pale mupaka tukafukia.

Tukajaribu. Gamaliel akapiga — kimya kabisa! Ata pumzi yake ilisikika mbele ya note ya kwanza. Batu bakaitika Amen.

Nikakaa mimi. Ngrrrr.

Imepunguka, sikatai. Ni nyuki kumi tu, si muzinga. Mais iko. Na iko kwangu tu!

Siku ya yenga, 9 novembre

Sikuimba. Nilisema koo.

Siku ya kwanza, 10 novembre

Leo nitaandika yote.

Kwaya yote ilikuwa pale. Débora anasema leo hatubadilishe kitu ata moja: gitare moja, kiti moja, mikro moja, ampli moja. Mutu tu abadilike. Gamaliel akakaa: kimya. Akasimama, nikakaa: ngrrrr. Akakaa: kimya. Mimi: ngrrrr. Mara ine vile! Basichana ya soprano bakaanza kucheka mu bitambaa. Moja akasema pole-pole, mais mikro ilikuwa wazi, kaske ilikuwa ku masikio yangu — eti Papa Lusenge alimeza frigo.

Nikasimama. Nikasema mbele ya bote: kama bitu yote ni moja, tofauti ni mutu moja mwenye anataka kiti yangu! Mbele ya yeye kukuya, hii gitare ilikuwa na nyuki? Aseme yenye aliweka! Aseme nani alimupa ku Beni!

Na nikasema ile neno ingine. Neno ya buchawi. Niliisema na nikamuonyesha kidole.

Kukakuwa kimya. Ile kimya sikuisikia ku mikro hii wiki yote. Kwetu huku ile neno haichezewe, kuko batu bamechomewa nyumba juu ya ile neno moja. Gamaliel aliweka gitare chini pole-pole, isigonge, akatoka inje. Soprano mwenye alicheka akaanza kulia.

Mama Jokébed akanikaribia. Hakupandisha sauti, na ile njo ilinitisha. Papa Lusenge, anasema, siku ya posho utapiga mara mbili, si tatu. Ikitoka safi, solo ni yako, nilikwisha kuahidi. Ikikatala, utakaa ku banc ya bana baba, na hautagusa tena gitare mu hii kanisa. Na mbele ya siku hiyo, umuombe yule mutoto musamaha.

Nilifika nyumbani, habari imekwisha kufika. Kyakimwa akanipakulia bugali na sombe, akageuza uso. Ata mukia hapana.

Siku ya tatu, 12 novembre

Débora aliniita ku salle, sisi mbili tu. Anasema piga, baba mudogo, mimi nitakuangalia.

Nikapiga. Nyuki. Hakuangalia mikro. Hakuangalia ampli. Aliangalia mikono yangu.

— Ile ni nini ku bidole?

— Sparadra.

Ni kitu ya kawaida. Bidole ine ya mukono ya kushoto, nafunga sparadra, ile ya kufunika kidonda, kabla ya kupiga, tabaka mbili. Bakubwa bote ya gitare banafanyaka vile. Sijaona moja akifanya, mais bakubwa banajificha.

— Na mukono ya kuume unashika mediatori, kaplastike ka kupigia kamba, — anasema. — Donc ngozi yako haigusi kamba pahali ata moja.

— Haigusi. Ni adabu.

Akachukua kidole gumba yangu, akaigandamiza ku chuma ya gitare, pale kamba zinafungiwa. Nyuki ikakufa. Kabisa! Akaitoa: ngrrrr. Akairudisha: kimya. Akaitoa, akairudisha, mara tano, mupaka nikajisikia sawa kifungo ya taa.

Akanieleza. Mu nyumba yenye iko na umeme kuko mungurumo mu hewa, mwili ya mutu inaikamata sawa antene, na mutu mwenye kupakata gitare anaimwanga ndani yake. Mais akigusa kamba na ngozi, mwili inaungana na tere, mungurumo inashuka mu ile chuma tulizika. Gamaliel anagusa. Mimi nilijifunika. Ata bila tere alikuwa ananishinda, na tere ilipokuya, akabakia safi kabisa.

Donc si mikro. Si Beni. Si mukono ya mutu. Mimi njo antene.

Nikasema: unaona? Mwili yangu inakamata. Ya Gamaliel haikamate kitu!

Hakucheka.

— Toa sparadra, baba mudogo.

Nikasema nilijikata na panga, nikipasua kuni ya mama pasta. Akaitoa yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, pole-pole, sawa ile siku nilimutoaka mwiba eko mudogo. Akaangalia. Kidonda hapana. Bidole laini, sawa mashavu ya mutoto mwenye kunyonya. Mutu ya gitare eko na ngozi ngumu pale, sawa kisigino. Débora anajua. Gitare yangu niliuzisha miaka kumi na moja imepita, na sikushika ingine mupaka mwezi ya kumi, niliposikia habari ya yubile. Niliandika hii? Imekwisha kuandikwa. Iache.

Akafanya ile sparadra kampira kadogo, akaiweka mu mufuko ya sketi yake. Akasema hii itabakia kwangu, hapana mutu atajua. Kisha akauliza: na Gamaliel? Yeye utamuambia nini?

Nikasema tutaona.

Siku ya tano, 14 novembre

Bidole bila sparadra. Nilijifunza saa mbili mu salle. Inauma! Kamba inaingia mu nyama sawa waya yenye bana mama banakatia sabuni. Nyuki hapana, kweli. Mais sasa nasikia kila kitu. Kila note yenye haikufika. Nyuki ilikuwa inanifunika sawa blangeti.

Mangaribi nilienda kwa Gamaliel. Alikuwa anafua chemise. Akapangusa mikono, akanipa kiti, yeye akakaa ku ndoo. Nikamuambia ugonjwa umeonekana, ilikuwa mambo ya tere. Akasema Mungu asifiwe, muzee. Nikasema ndio, asifiwe. Nikamuambia habari ya tembo ya Mutwanga. Akasikiliza mupaka mwisho, akauliza kama tembo alikuwa mwanaume. Nikasema mwanaume, na mapembe. Akasema kweli, ile ni neema.

Neno ya musamaha ilikuwa ku ulimi. Haikupata pahali ya kupita. Nilirudi nayo nyumbani.

Siku ya posho, 15 novembre

Naandika hapa nyuma ya salle, juu ya matofali. Kaye ilikuwa mu koti. Ndani banakunywa chai na mandazi, bote mu uniforme ya yubile. Mama Jokébed alinipa dakika kumi na tano. Kisha mara ya pili, njo ya mwisho.

Mara ya kwanza imekwisha. Débora aliinua kidole, kwaya ikaimba, wakati ya solo ikafika. Safi! Nyuki ata moja! Batu baligeuka, balishangaa, nikaona pasta anatabasamu. Nilienda muzuri mupaka katikati. Pale solo inageuka, kidole ya tatu ikateleza juu ya damu. Ikasikika. Sasa kila kitu inasikika. Nikasimamisha mukono.

Mama Jokébed akasema, pumzika, papa. Si kwa ubaya.

Mais si kidole yenye inaniuma. Gamaliel alikuwa amesimama ku mulango. Nilikuwa natafuta ku uso yake furaha, nimupate nayo. Haikuwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mguu yake ilikuwa inapiga chini. Na kila pahali solo inapanda, mguu yake ilitangulia kupanda, mbele ya bidole yangu. Mbele! Kila pahali inashuka, ilikuwa imekwisha kushuka.

Amekuya huku inje. Ameketi ku tofali ingine, gitare ku magoti, anapangusa damu ku kamba na kitambaa yake, anakaza ile yenye nililegeza. Nimefunika kaye na mukono, asisome. Haangalii. Anasema tu, na ile sauti yake ya chini-chini: muzee, pale inageuka, weka kidole ya ine, si ya tatu. Haitauma sana. Mimi pia iliniuma pale.

Mimi pia!

Nimeandika tu, sawa mutu eko na kazi.

Débora anaita. Baba mudogo! Mara ya pili. Gamaliel amesimama, ananinyooshea gitare na mikono mbili, anangoja niweke bic chini.

Ku telefone ya Kyakimwa kuko wimbo ya kwaya ya Bungulu, anaisikilizaka akipika. Solo ya mule njo nilichukua, mwezi muzima, saa sita, kanisa tupu, note kwa note, juu solo ya kwangu mwenyewe nilitafuta mu kichwa na sikupata kitu. Ile solo ni ya Gamaliel.